Nenda Zako: Mhadhara juu ya Wema Usiongoja Malipo



Ukimwambia mtu "nenda zako" umemfukuza. Ni maneno ya hasira: mama humwambia mtoto aliyemchosha, mwenye duka humwambia mdeni aliyekuja kukopa tena. Lakini yatangulizie maneno mawili tu, "tenda wema", na ukali wote unayatoka. Tenda wema nenda zako. Tumeisema methali hii mara nyingi hata hatuisikii tena. Leo naomba tuisikie, na hasa nusu yake ya pili, kwa maana nusu ya kwanza kila dini na kila bibi ameifundisha. Wema, sawa. Kwa nini twende zetu? Wahenga hawakusema tenda wema ukae kitako, wala hawakusema tenda wema uandike daftarini. Walisema ondoka. Ninavyowaelewa mimi, waliona kwamba kuondoka ni sehemu ya wema wenyewe, na kwamba anayebaki amesimama pale, akiutazama uso wa aliyemtendea ili aone kama shukrani imefika, ameshaanza kuuharibu.

Nianze na deni langu mwenyewe. Mwaka 1983 nilikuwa na umri wa miaka 12, na mama alinipandisha basi pale Kisutu, Dar es Salaam, niende Mbeya kwa mjomba. Nilikuwa peke yangu. Nilikabidhiwa kwa konda kama kifurushi. Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha tangu 1979, lakini gharama zake na bei ya mafuta zilikuwa bado zinatukaba koo. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, nguo kwa foleni. Mwaka ule ule ndipo serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, na watu wenye bidhaa wakawa wanazificha au kuzitupa wasije wakakutwa nazo. Basi likiharibika, kupata spea ilikuwa bahati. Letu liliharibika Ruaha Mbuyuni, jua limeshazama, kabla hatujaanza kuupanda Mlima Kitonga.

Abiria wakatawanyika kutafuta chakula na pa kujinyoosha. Mimi nilikaa juu ya jiwe karibu na gurudumu la nyuma, kwa sababu mama alikuwa ameniambia nisiachane na gari. Bonde lile lina joto, na mbu wake hawana subira. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza chai ya rangi isiyo na sukari na mihogo ya kuchemsha. Alipokwisha kuuza aliniona ninavyojipiga makofi miguuni, akaja. Aliniuliza ninakwenda kwa nani, nikamwambia. Akanipa kipande cha muhogo kilichobaki sufuriani, akavua kanga aliyokuwa amejitanda mabegani, akanifunika mpaka kichwani. "Jifunike, mwanangu. Mbu wa hapa hawajui mgeni." Kisha akarudi kwenye moto wake.

Usiku wa manane gari likapona. Konda alinibeba nikiwa usingizini, akaniingiza ndani pamoja na ile kanga. Nilizinduka kumepambazuka, tumeshaipita Iringa. Nilipoanza kulia kwamba nimeondoka na kitu cha mtu, konda aliniambia kwamba yeye mwenyewe alitaka kumrudishia, lakini yule mama alipunga mkono akasema mwache mtoto alale.

Sikumwuliza jina, naye hakuniuliza langu. Uso wake sikuwahi kuuona vizuri, kwa sababu mwanga ulikuwa ule wa kuni tu. Nataka vijana mlielewe jambo moja kuhusu kanga ya mwaka 1983. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kimoja cha kiunoni, kimoja cha kujitanda. Mwaka ule doti ilikuwa mali ya kufungiwa sandukuni. Kulikuwa na wanawake waliokwenda harusini kwa zamu kwa sababu ndugu wawili walikuwa na doti moja. Yule mama aliagana na nusu ya doti yake kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua, kwenye gari lililokuwa linaondoka. Hakika hakuwa na namna yoyote ya kulipwa.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka 40 na zaidi, na mara nyingi nimelifikiri vibaya. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba uzito wake uko kwenye kanga. Siku hizi naona uko kwenye ule mkono uliopungwa.

Lugha yetu inajua mambo haya kuliko tunavyojua sisi tunaoisema. Tazameni tuna maneno mangapi. Tuna hisani, tuna fadhila, tuna jamala, ambayo ni lile jambo jema unalomfanyia mtu bila kulazimika na bila bei. Na tuna neno moja ambalo linaanza kusahauliwa mijini, nalo ni sabili. Wazee wa pwani mnalijua. Maji ya sabili ni maji yaliyowekwa wazi ili yeyote apitaye anywe. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni njia. Ukienda Cairo utaliona neno hilo limejengwa kwa mawe: kuna majengo ya zamani ambayo chini yake palikuwa na maji ya wapita njia na juu yake chuo cha watoto cha Kurani, na mojawapo mashuhuri, lile la Abd al-Rahman Katkhuda, lilijengwa mwaka 1744. Kwetu halikuhitaji mawe. Lilihitaji mtungi, kivuli, na kata ya kifuu cha nazi.

Nataka nikae kidogo kwenye mtungi huu, kwa sababu una elimu. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuwa unavuja. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupenya polepole hadi nje, hewa ikayakausha, na yakikauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana tunasema mtungi unatoka jasho. Ukiupaka rangi ya mafuta ili usipoteze hata tone, umeokoa tone na umekosa maji ya baridi.

Tena mtazameni mwenye mtungi alipo. Hayupo. Yuko ndani, au shambani, au amelala. Anayekunywa hamwoni wa kumshukuru. Anakunywa, anafunika, anatundika kata mahali pake, anakwenda. Katika wema wa sabili wote wawili wameshakwenda zao: aliyetoa aliondoka kabla, aliyepokea anaondoka baada, na hapana aliyeinamishwa kichwa. Baraza za mawe mbele ya nyumba za Lamu na Unguja zina tabia hiyohiyo. Mwenye nyumba hugharimia mawe na chokaa ili mtu asiyemjua apate pa kuweka mzigo wakati wa jua kali. Mjenzi wa leo anajenga ukuta, juu yake anapanda vigae vya chupa. Simlaumu, wezi wapo. Lakini tujue tulichobadilishana na usalama huo.

Sasa, lugha hiyohiyo iliyotupa sabili ilitupa pia neno la sumu yake. Neno hilo ni masimango. Wengine husema masimbulio. Kumsimanga mtu ni kumrudishia usoni wema uliomtendea: mimi ndiye niliyekulipia ada, mimi ndiye niliyekutoa kijijini huna hata viatu. Sijui kama kuna mtu humu ndani ambaye hajawahi kusimangwa. Mtu anaweza kula kwenye nyumba ya jamaa mwaka mzima akanenepa. Masimango ya jioni moja yakamkondesha. Na ninyi mliowahi kusimanga, kama nilivyowahi mimi, mnajua kwamba kwa saa ile unahisi unadai haki yako. Kweli ulilipa ada. Kweli hakuwa na viatu. Ubaya wa masimango ni kwamba yanasema ukweli mtupu, na ukweli huo unageuza zawadi ya jana kuwa mkopo, tena mkopo ambao mwenzako hakuwahi kuutia saini.

Najua mnachotaka kunijibu. Mtasema, mwalimu, wewe unazungumza habari za mitungi, sisi tunaishi na watu. Mtanitajia yule uliyemfundisha kazi akafungua karakana mbele ya yako, yule uliyemkopesha ukamfuata mpaka ukachakaza soli. Tena mtanitolea methali: shukrani ya punda ni mateke. Na ile chungu kuliko zote, mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, mfadhili binadamu atakuudhi.

Methali hii ya mbuzi inapendwa mno, nami naipinga kwa moyo wangu wote. Mbuzi unampa majani, unampa maji, unamlaza ndani usiku, kisha siku ya sikukuu unamchinja. Huo si wema, ndugu zangu. Huo ni ufugaji. Anayelalamika kwamba binadamu hakumpa mchuzi anatuambia, bila kujua, alichokuwa anakitaka tangu mwanzo. Ufugaji ni kazi ya halali. Basi tusiwafanyie watu ufugaji huku tukiuita fadhila, halafu tukashangaa wanapokimbia zizini.

Sisemi kwamba utovu wa shukrani hauumi. Unauma. Nimemsaidia mtu ambaye leo akiniona anavuka barabara, na bado inanichoma. Ila nimejifunza kuuliza swali jingine: siku ile nilipomsaidia, jambo lilikuwa ni jema au si jema? Kama alikuwa na njaa akala, alikula. Hata akigeuka adui yangu jioni, ule mchana alikula. Hakuna atakayekirudisha chakula kile nyuma. Huko ndiko wazee walikokuwa wakituelekeza waliposema wema hauozi. Hawakusema wema unalipwa.

Na kuna jambo la ajabu zaidi: wema ukiwekewa bei, hauozi tu, unakufa, tena ukifa huenda usifufuke. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 habari za shule 10 za watoto wadogo katika mji wa Haifa, Israeli. Tatizo lao mwalimu yeyote humu analijua: wazazi wanachelewa kuja kuchukua watoto, na mwalimu anabaki na mtoto mmoja getini anayelia. Katika baadhi ya shule hizo wakaweka faini kwa mzazi anayechelewa. Mngetazamia wazazi wawahi. Badala yake waliochelewa waliongezeka, hata wakakaribia kuwa mara mbili ya wale wa mwanzo. Kwa nini? Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alijua kwamba mwalimu yuko pale kwa jamala. Aliona haya. Akakimbia. Faini ilipokuja, haya iliondoka. Sasa mzazi alikuwa mteja, ananunua nusu saa ya mwalimu, na kwa bei nafuu. Halafu shule zikaifuta faini. Mngetazamia mambo yarudi kama zamani, na hayakurudi. Wazazi wakaendelea kuchelewa vilevile.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, nimebaki na watoto getini mpaka giza, na sikuwahi kujua kwamba kuna kitu chembamba namna hiyo kilichokuwa kinawafanya wazazi waje wakikimbia, kanga zimelegea, wakisema "samahani sana, mwalimu, Mungu akubariki." Kitu hicho kilikuwa ni kujua kwamba sikulipwa.

Kwa hiyo nina neno na vijana juu ya simu zenu. Nimeona, nanyi mmeona, mtu anakwenda kwa bibi kizee mwenye nyumba ya udongo akiwa na kiroba cha unga, mafuta lita tatu na mpiga picha. Bibi anaambiwa aseme jina la aliyemletea. Anaambiwa arudie, kwa sababu mara ya kwanza hakusikika. Pengine unga ule anauhitaji kweli, na sitaki kumnyang'anya mtu unga kwa sababu ya nadharia zangu. Lakini tuite jambo kwa jina lake. Bibi yule hakupewa, ameuza. Ameuza uso wake na nyumba yake, na video ile itabaki ikimsimanga hata baada ya unga kwisha, mbele ya wajukuu wake walioko shule ya bweni. Mpelekeeni unga. Fikeni magharibi, bisheni hodi, semeni mmetumwa na mtu wa zamani, ondokeni.

Nimesema kuhusu kwenda zako. Sasa niseme kuhusu kinyume chake, kwa sababu kuna watu ambao wamekwenda zao kabla hawajatenda wema wowote, nao ndio sisi wengi, kila siku asubuhi.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti walioufanya na wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia huko Princeton. Wanafunzi hao, watu wanaojiandaa kuwa wachungaji, walitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani wakakuta mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Alikuwa amewekwa na watafiti. Je, aliyekuwa anakwenda kuhubiri habari za Msamaria alisimama zaidi kuliko mwingine? Mada haikuonyesha tofauti ya maana. Kilichotofautisha ni haraka. Walioambiwa kwamba wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa kwamba wamechelewa, waende mbio, ni asilimia 10 tu. Wako waliomruka mtu yule ili wawahi kwenda kumsifu Msamaria.

Tusiwacheke. Katika ile hadithi yenyewe, anayesoma kwa makini ataona mambo mawili. Msamaria alikuwa na safari yake, na aliikatiza. Kisha asubuhi yake alimlipa mwenye nyumba ya wageni akaondoka, akaendelea na safari hiyohiyo. Hatuambiwi popote kwamba majeruhi alisema ahsante. Alisimama alipotakiwa kusimama, akaenda zake alipotakiwa kwenda. Nadhani elimu yote ya wema mdogo iko katika kutokosea mpangilio huo.

Haraka ndiyo iliyotuvamia mijini kuliko uchoyo. Sisi si wachoyo kuliko babu zetu, tumebanwa. Tazameni salamu. Zamani mtu alikuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi, na kila swali lilikuwa ni mlango ambao mwenye shida angeweza kupitia aseme shida yake. Leo ni "mambo, poa", na tumeshapishana. Neno "pole" lenyewe, ambalo wageni wengi hulistaajabia kwa sababu tunampa hata mtu aliyejikwaa bila kosa letu, tunalitumia huku tunatembea. Pole ya mwendo ni bora kuliko kimya. Pole ya kusimama ni kitu kingine.

Nendeni kituo chochote cha daladala Dar es Salaam saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaona mtihani huu ukifanywa. Wanafunzi wamesimama wamekunja mabega. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda huwazuia mlangoni, anataka "wakubwa" kwanza. Mtoto wa darasa la tatu anaachwa na gari la nne, la tano. Kisha mnaona mtu mzima mmoja, mara nyingi ni mama anayekwenda sokoni na ndoo yake, anaweka mkono mlangoni na kumwambia konda, "Huyu anapanda na mimi, niko naye." Hayuko naye. Hawajuani. Mtoto anapanda. Ndani, aliyeketi anaupokea mkoba wa mtoto bila kuuliza, anaupakata juu ya mapaja yake mwenyewe, na mtoto akichoka anapakatwa yeye. Anashuka kituo cha shule. Wakati mwingine anasema shikamoo badala ya ahsante, maana shikamoo ndiyo heshima kubwa anayoijua.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuficha kidonda. Kwamba kinachotakiwa ni usafiri wa wanafunzi na konda anayefuata sheria. Nakubali kabisa, na atakayetumia mhadhara huu kuwaambia wananchi wavumiliane ili mamlaka zipumzike, atakuwa amenitafsiri vibaya. Mtungi wa mlangoni hauondoi wajibu wa kuleta bomba. Lakini sheria ikija mwaka kesho, mtoto huyu ana mtihani leo saa mbili. Kati ya leo na mwaka kesho pana mama mwenye ndoo.

Nimeona pia kwamba mkono wa namna hii hauchagui kati ya jambo dogo na kubwa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilitumbukia Ziwa Viktoria asubuhi, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 tukawapoteza. Taifa lilimpongeza kijana mmoja hadharani, akapewa ajira, nami nilifurahi kwa ajili yake. Lakini picha iliyonibakia ni nyingine. Ni ile ya kamba. Umati wa watu ufukweni wameshika kamba, wanaivuta ndege kuelekea nchi kavu, wengine na viatu vya ibada ya Jumapili, wengine wamelowa mpaka kifuani. Katika kamba ya namna ile hakuna awezaye kujua nguvu ya nani ilikuwa ipi. Aliyevuta kwa dhati na aliyeshika tu wanaonekana sawa. Jioni kila mtu alirudi nyumbani kwake akiwa na michubuko viganjani, na sidhani kama kuna orodha ya majina yao mahali popote.

Wachangia damu wako hivyohivyo. Tangu Mpango wa Taifa wa Damu Salama uanzishwe mwaka 2004, maelfu ya watu wamelala kwenye vitanda vile vya kukunja, wanafunzi wengi kati yao, wakatoa chini kidogo ya nusu lita, wakapewa soda na biskuti, wakaambiwa warudi baada ya miezi mitatu kwa mwanamume na minne kwa mwanamke. Chupa inaandikwa namba. Aliyetoa hatajua kama damu yake ilikwenda kwa mama aliyejifungua Temeke au kwa dereva wa bodaboda aliyevunjika paja. Atakayeipokea, akipona, hatajua amshukuru nani. Pengine watakaa kiti kimoja kwenye gari mwaka ujao wakinuniana kwa sababu ya dirisha.

Sasa nirudi Ruaha Mbuyuni, nimalizie nilikoanzia.

Ile kanga ilifika Mbeya. Mke wa mjomba aliniuliza ni ya nani, nikashindwa kujibu. Maandishi yake yalikuwa yamefifia kwa kufuliwa. Tulijaribu kuyasoma juani, herufi hazikukubali. Ilifuliwa, nikarudi nayo Dar es Salaam. Mama aliikunja akaiweka, akisema siku moja mtu akienda huko ataipeleka. Hakupatikana wa kuipeleka. Mwaka uliofuata alizaliwa mdogo wangu, na ni kanga ile aliyobebewa mgongoni, kisha wa baada yake. Ilipochanika katikati ikawa ya kulalia. Mwishowe ilikuwa tambara la kuipulia sufuria, na ndivyo ninavyoikumbuka zaidi, nyeusi kwa masizi kwenye ncha zake.

Nimepita pale mara nyingi nikiwa mtu mzima. Mara ya kwanza nilishuka nikauliza, na wakaniuliza mama huyo anaitwa nani, nikaona upuuzi wa swali langu. Siku hizi pana vibanda vingi vya vitunguu kando ya barabara, vimepangwa kwenye ndoo, na gari likisimama akina mama wanakimbilia madirishani. Mimi hununua kila nipitapo. Nina desturi moja: siombi kupunguziwa. Bei anayoitaja ndiyo ninayolipa.

Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa saba. Binti mmoja, labda ana miaka 20, aliinua ndoo yake dirishani akataja bei, akajiandaa kubishana, nami nikampa hela yote. Akashangaa. Dereva alikuwa ameshatia gia. Binti akaanza kukimbia sambamba na gari, akachota vitunguu kwa kiganja kutoka ndoo ya pembeni, akavirusha mapajani mwangu kupitia dirishani, vitatu, kisha viwili.

"Nyongeza, baba!"

Nikageuka nimwambie kitu, lakini alikuwa ameshalikimbilia basi lililokuwa nyuma yetu.